Lori Lililopakwa Msiro: Kumuaga Mshamu wa Quionga

Inatangazwa rasmi kwa wanachama, jamaa na wapita njia wote kwamba mchanga ulio chini ya lori la ushirika, hapa Quionga, sasa ni mkavu. Kuku wanaruhusiwa kurudi.

Aliyeukausha ni dereva wetu, Mshamu Abacar, ambaye leo, tarehe 30 Juni, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye usukani ule ule. Amepeleka nazi Palma na samaki wakavu Mocímboa, na amelala Awasse mara nyingi kuliko baadhi ya wenyeji wa Awasse, maana pale ndipo lori lilipopenda kuharibikia. Katika miaka mibaya ya vita alipakia watu hadi juu ya kabini, wala hakuuliza nani ni mwanachama. Hayo hapendi tuyaseme, kwa hiyo tumeyasema haraka.

Mwaka huu lori lilianza kuvuja oili. Injini yake ya kizamani ina vifuniko sita vya vali, na chini ya kila kimoja kuna junta, yaani ule ukanda wa mpira unaozuia oili isitoke. Mpira ulikuwa umekauka kama ngozi ya papa. Oili ilidondokea bomba la moshi, moshi ukaingia kabini, na abiria wakawa wanashuka wananukia kama samaki wa kubanikwa. Mwenyekiti wetu, Zacarias, akaamua: Mshamu akistaafu, lori nalo liuzwe chuma chakavu. Hilo lilimuuma Mshamu, kwani utingo wake, Sumaia, alikuwa ameshapata leseni ya malori. Bila lori, leseni ile ingebaki picha tu.

Basi akaagiza junta sita Mtwara kwa Mudi mfanyabiashara, akazibadilisha mwenyewe uani kwake. Alisugua, akapangusa, akafunga boliti kwa nguvu zake zote, kwa sababu Mshamu haamini boliti ambayo haijalia. Kesho yake lori likavuja zaidi. Akakaza tena. Likavuja tena, sasa kwa bidii.

Oili inatokea wapi? Hakuweza kujua, injini nzima imelowa. Jibu alilikuta usoni mwa mkewe, Mwanvua, aliyekuwa akikaanga vitumbua huku kajipaka msiro, ule mti unaosagwa jiweni kwa maji ukawa rojo jeupe la kulainisha uso. Tone la mafuta lilimrukia shavuni, pakabaki doa jeusi. Mshamu akaweka spana chini.

"Mama Aiuba, nipe msiro wako."

"Kulikoni, umekuwa mwali?"

"Si mimi. Lori."

"Basi lisagie mwenyewe."

Majirani waliomwona dereva mkuu wa ushirika akisaga msiro jiweni hawajamaliza kusimulia mpaka leo. Aliosha injini, akaipaka msiro kote, akaacha ukauke. Kisha akalizungusha lori kijijini, boneti kaiacha nyumbani. Watu wakauliza bwana harusi ni nani.

Liliporudi, mistari myeusi ilikuwa imejichora waziwazi chini ya vifuniko viwili, pale pale alipokaza kuliko kote. Mpira ulikuwa umebanwa mpaka ukachomoza nje kama ulimi. Mwanvua akachungulia.

"Baba Aiuba, umeifunga junta kama mwizi. Ndiyo maana imetoroka."

Mudi akaleta junta mbili nyingine, na safari hii spana alipewa Sumaia. Alikaza kwa mkono mmoja, kidogo huku, kidogo kule, na Mshamu amekalia viganja vyake asije akasaidia. Lori likaenda Palma likarudi. Msiro ulibaki mweupe. Zacarias alipitisha kidole chini ya vifuniko, akakitazama, akakinusa, akakitazama tena, kisha akamkabidhi Sumaia ufunguo bila hotuba. Kwa wanaomfahamu Zacarias, hilo la hotuba ni ushindi wa pili.

Mzee Mshamu, ahsante kwa mizigo iliyofika, kwa watu waliofika, na hata kwa zile siku za Awasse. Mungu akujalie afya, umri mrefu, na usingizi wa mchana usiokatizwa na honi.

Tulipanga urudishwe nyumbani leo ndani ya lori, Sumaia akiendesha. Betri imekufa. Tutatembea.