Maisha ya Mwalimu Nzivo Muasya, Aliyeuliza "Umefikaje Hapo?"

Mwalimu Nzivo Muasya alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 huku huku Mbooni, mtoto wa tano wa marehemu mzee Muasya, mchonga vinyago, na marehemu mama Ndinda. Alisoma sekondari mjini Machakos, kisha akasomea hisabati na falsafa chuo kikuu jijini Nairobi kuanzia mwaka 1969 hadi 1972.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1973 alikwenda mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi, kumtembelea binti aliyempenda, Nzilani Ndete, nyumbani kwa shangazi yake. Aliandaliwa kuku. Akajipa moyo, akamwambia binti, "Mkwe akipendwa huchinjiwa kuku. Leo kuku amechinjwa. Basi nimependwa."

Nzilani akamtazama. "Umefikaje hapo? Leo si Krismasi? Hata mbwa wa jirani amekula kuku."

Nzivo alirudi kwake akicheka peke yake njiani. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, na swali lile akalichukua kama mahari aliyolipwa yeye.

Alifundisha hisabati katika shule za sekondari za Eastlands kwa miaka ishirini na mitano. Wanafunzi walimbandika jina "Umefikaje", kwa kuwa jibu sahihi lisilo na njia hakulipa alama. Wala hakuliacha swali hilo kwenye jiometri. Aliliuliza kwa mwalimu wa historia, kwa mwanasiasa jukwaani, na kwa mhubiri aliyedai kwamba tajiri ni mtu aliyebarikiwa. Ndinda, binti yake, alipopewa dawa ya malaria kwa sababu tu alikuwa na homa, Mwalimu alimuuliza daktari pia; damu ikapimwa, na malaria haikuwepo. Alipenda kusema kwamba mantiki ni kama chumvi: haina chungu chake, lakini hakuna chungu kisichoihitaji.

Aprili 1994, wakati wa masika, mwizi alinyakua mkoba karibu na soko la Gikomba, akavuka mto, akatoweka. Umati ukamkamata Owino, muuza viatu vya mitumba, kwa kuwa alikuwa na matope hadi magotini. Tairi la kumchomea lilikuwa limeshaletwa. Mzee Kyule, mzee wa kanisa, alikuwa mbele kabisa. "Ushahidi gani tena mnataka? Mwizi amepita matopeni, na huyu ana matope!"

Mwalimu Nzivo alijipenyeza hadi katikati. "Mzee Kyule, umefikaje hapo? Hebu sote tutazame miguu yetu."

Watu wakainama. Viatu vya Mzee Kyule vilikuwa vimemezwa na matope hadi kwenye soksi. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mzee, kumbe wewe umeiba mikoba mingapi?" Kicheko kikavunja umati. Owino akaenda nyumbani akiwa hai.

Mwalimu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari mwaka 1991. Alijidunga sindano kila asubuhi na alijua kwamba asipokula, sukari hushuka, ulimi huwa mzito na miguu humkataa. Ijumaa tarehe 11 Julai 1997 alibaki darasani na kidato cha nne, chakula cha mchana kikampita. Akielekea nyumbani, aliyumba. Polisi wawili wakamshika.

Owino alikimbia kutoka kibandani kwake, chupa ya soda mkononi. "Afande, huyu ni ticha, hajaonja kitu. Ana sukari. Mpe tu hii anywe!"

"Kila mlevi tukimshika ana sukari," afande akajibu. "Kaa mbali, usije ukawa na sukari wewe pia."

Owino aliwafuata hadi kituoni. Chupa ile ikabaki kaunta, imejaa. Asubuhi Mwalimu alikutwa sakafuni, kati ya walevi wa kweli walioamka wakatoka. Walevi huyumba, mtu huyu ameyumba, basi ni mlevi. Kosa ambalo alilifuta ubaoni kwa miaka ishirini na mitano ndilo lililomuua, na dawa yake ilikuwa soda moja.

Daktari aliyechunguza mwili hakukuta hata tone la pombe. Hata hivyo kanisa aliloliimbia besi miaka yote halikulifungulia jeneza lake mlango. Mzee Kyule alikuja na jibu la baraza la kanisa: "Mama, polisi hawakamati mtu bure. Palipo na moshi hapakosi moto."

Nzilani hakumkaribisha kiti. "Umefikaje hapo, Mzee? Masika yale, miguu yako ilikuwaje?"

Mzee Kyule alitazama viatu vyake, vilivyong'aa siku hiyo, akaondoka bila kuaga. Mlango haukufunguliwa. Mwalimu aliombewa uani, kati ya kamba za kuanikia nguo, na jeneza lilibebwa na Owino na waliokuwa wanafunzi wake.

Leo, Jumamosi tarehe 19 Julai 1997, analazwa kando ya wazazi wake. Ameacha mjane, Nzilani. Watoto wawili, Ndinda na Muasya. Na Owino, ambaye alimhesabu kuwa mwanawe.

Yeye na apumzike kwa amani. Ameuliza vya kutosha. Wenye funguo za seli na wenye funguo za kanisa wasipumzike mpaka wajibu.