Saa Nane Mchana, Tarehe Saba Machi

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, fundi cherehani, na imenionya nisitie chumvi, kwa hiyo nitasoma kama tulivyoandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza kati ya sita, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1975, akaishia hapo ili sisi wadogo zake tusome, na hilo hatujalisahau. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto watatu, na kwa miaka thelathini na moja alishona kwenye kibaraza cha duka la vitabu, mkabala na ofisi za halmashauri ya jiji.

Ujirani huo ndio uliomponza. Kila rasimu ya sheria ndogo ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, wakazi wakapewa siku ishirini na moja kutoa maoni, sisi tulipita zetu, yeye akavuka barabara na miwani yake, akasoma mpaka nukta ya mwisho, kisha akaenda mkutanoni kusema, kwani alituambia kila siku kwamba madiwani hupigia kura kilichoandikwa, si kile mnachonung'unika kwenye foleni ya maji.

Tarehe 18 Februari 2019 alilazwa kwa maradhi ya figo, na wiki hiyo hiyo ikabandikwa rasimu ya kuondoa cherehani zote vibarazani, riziki ya mafundi arobaini. Mkutano wa maoni ulifanyika Alhamisi, tarehe 7 Machi, saa nane mchana, na saa nane hiyo muuguzi alimkuta marehemu ameketi kitandani, mkono juu, akisema taratibu, "Mheshimiwa mwenyekiti, kifungu cha tano kifutwe, tutaacha hatua mbili za kupita watu." Akashusha mkono, akalala.

Alifariki Jumatano, tarehe 13 Machi, saa nne asubuhi. Karani wa halmashauri alipokuja kutupa pole alileta kumbukumbu za mkutano, na ndani yake mna maneno yale yale, na kwenye orodha ya mahudhurio, nafasi ya kumi na saba, mna saini yake, ile ile aliyotia kwenye ripoti zetu za shule. Karani anasema alimwona kwa macho yake, akashangaa kuwa amekuja peku.

Pingamizi hilo ndilo pekee lililoandikwa, maana kila mmoja wetu alidhani atasema mwenzake, na sasa diwani mmoja anataka lifutwe, akidai mgonjwa hakutoka wodini. Jumatatu madiwani wanapiga kura, karani ameomba tamko la familia, tumekaa kikao sote watano tuliobaki, na ninalisoma mbele yenu muwe mashahidi: siku hiyo, saa hiyo, dada yetu alihudhuria.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na daktari wake, ambaye naye aliulizwa kama mgonjwa alitoka wodini, akajibu kwamba kazi yake ni kutibu watu, si kuita mahudhurio. Pumzika sasa, dada, umechoka; Jumatatu tutakwenda wenyewe.