Kompyuta Niliyoibeba Mgongoni

Bwana asifiwe, wapendwa! Wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Amina, kaeni. Naitwa Minza, wengi mnanijua kwa duka langu la vifaa vya shule pale Igoma, nachapa barua na kutoa kopi. Leo sikuja kushuhudia kuponywa mguu wala tumbo. Nimesimama kwa sababu Mungu amenitoa kwenye ubaya wangu mwenyewe, na ametumia kompyuta.

Ndugu zangu, dukani kwangu hakuna mlinzi. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nachomoa nyaya, naacha kioo, lile boksi la kompyuta nalifunga mgongoni kwa kitenge na kupanda nalo mlima wa mawe hadi nyumbani. Asubuhi nashuka nalo. Majirani walishazoea, wananiuliza mtoto ameamkaje! Na ndani ya boksi hilo mlikuwa na kitu kikubwa. Mzee Bujiku huyu mnayemwona hapa mbele, mwinjilisti wetu mstaafu, macho yake yanafifia. Kila Alhamisi alikuwa anavuka ziwa kutoka Sengerema, anakaa dukani, ananisimulia maisha yake ya utumishi, mimi nachapa. Hakuna daftari. Hakuna kopi nyingine. Flashi zimening'inia ukutani nawauzia watu, lakini kazi ya mzee sikuiweka hata kwenye moja.

Sasa jirani yangu wa duka ni Mama Koku, mama mtu mzima kutoka Bukoba, fundi cherehani. Jumanne moja aliingia, akaipapasa kompyuta, akasema, "Minza, mashine yako hii inakutunza vizuri." Jumatano asubuhi nawasha: taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi! Nikazima, nikawasha. Cheusi! Nikabadilisha soketi, nikakigonga kioo. Cheusi tii! Niseme ukweli mbele za Mungu: nilisema moyoni, huyu mama ana jicho baya.

Basi nikaacha kumwamkia. Mama wa umri wa mama yangu! Anapita mlangoni, mimi najifanya napanga madaftari. Kwa fundi niliogopa kwenda, nikihofia ataifuta kazi yote ya mzee. Nikafunga na kuomba, nikaipaka kompyuta mafuta ya maombi, nikakemea roho ya husuda. Feni ikaendelea kuzunguka tu. Alhamisi mzee akaja. Nikamwambia umeme umekatika. Na redio ya umeme ya Mama Koku inaimba hapo hapo nyuma ya ukuta! Mzee haoni vizuri, lakini masikio anayo. Alikunywa maji, akarudi zake Sengerema. Niliona aibu hadi nikalia.

Alhamisi iliyofuata, kabla mzee hajafika, Mama Koku akaingia bila kuitwa; kumbe nyuma ya ukuta alikuwa ananisikia nikiwasha na kuzima. Hakunidai salamu. Aliuliza tu, "Feni inazunguka?" Nikajibu inazunguka. "Basi haijafa."

Kumbe kabla ya cherehani huyu mama alikuwa katibu muhtasi wa shule miaka mingi! Ukuta mmoja, na sikuwahi kumuuliza. Akachomoa waya wa kioo nyuma ya boksi. Kioo kikaandika kwamba hakipati mawasiliano. Akasema kioo ni kizima, tatizo liko ndani. Akachomoa umeme, akafungua ubavu wa boksi, akatoa kijikadi chembamba cha kumbukumbu, kile mafundi wanachokiita RAM. "Una raba?" Ndugu zangu, mimi nauza raba! Kopo zima liko mezani! Akayasugua taratibu kwa raba yale meno ya kijikadi, ya rangi ya dhahabu, akapangusa, akakirudisha na kukikandamiza hadi nikasikia ka!

Akawasha. Kioo kikaja! Haleluya! Nikafungua faili la mzee, maneno yote yapo. Mama Koku akasema hayo yalikaa kwenye diski, wala hayakuguswa. Kisha akaniuliza huwa naibebaje. Nikamwonyesha kitenge. Alicheka hadi akashika meza. "Mwanangu, umeibembeleza mpaka kadi imelegea!"

Mzee alipofika nilimwambia ukweli kuhusu ule umeme. "Nilijua, mjukuu wangu," akasema. "Haya, soma pale tulipoishia." Nikasoma, tukaendelea, na mwezi huu tumemaliza. Kopi moja ninayo, nyingine iko kwake Sengerema. Boksi sasa linalala dukani ndani ya kabati la chuma. Nina furaha, wapendwa, hata usingizi wangu ni mtamu!

Nawasihi, mtumainini Bwana. Anaweza kuwa ameshaweka msaada wako nyuma ya ukuta, nawe unaukemea. Kioo kikiwa cheusi usimtafute mchawi. Piga hodi kwa jirani.

Lakini ushuhuda wangu haujaisha. Mama Koku, najua wewe unasali kwingine, na leo umekuja kwa sababu nilikuomba. Umekaa pale karibu na dirisha. Siku ile nilikushukuru kwa ajili ya kompyuta tu. Sikukuambia nilichokuwa nakuwazia. Sasa umesikia, na kanisa lote limesikia. Siku nane ulipita mlangoni kwangu, nikakunyima salamu. Naomba uipokee leo, mbele ya hawa wote.

Shikamoo, mama.