Nthenya, Aliyeuliza Ni Watu Gani

Wachungaji wetu, wazee wa ukoo, chifu wetu, wahadhiri mliotoka Kitui mapema, majirani wa Tawa na wakwe zetu wa Kalamba, familia imenipa mimi Muindi, mdogo wake Kisilu, kazi ya kuwasomea maisha ya mke wa kaka yangu, na naomba mnivumilie, kwa sababu mwenyewe angekuwa hapa angeketi nyuma kabisa na kuniuliza kila tarehe nimeitoa wapi.

Daktari Nthenya Mwau alizaliwa tarehe 14 Aprili 1969 katika kijiji kilicho karibu na soko la Kalamba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mwau na marehemu mama Nzisa, na kifungua mimba wao ni Kasiva, ambaye jina lake halimo katika programu mliyoshika mkononi, lakini limo katika karatasi hii ninayoisoma, na nitalisoma kila mahali linapostahili. Mama Nzisa alipokuwa akienda shambani, ni Kasiva, msichana wa miaka minane, aliyembeba Nthenya mgongoni na kumlisha uji kwa kijiko, na ndiye aliyeacha shule darasa la sita ili wadogo zake wasome, jambo ambalo Nthenya hakuwahi kulizungumzia bila macho kumjaa maji.

Alianza darasa la kwanza Januari 1976, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1982, akaingia shule ya bweni ya wasichana Januari 1983, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986 na cha sita mwaka 1988, na baada ya kukaa nyumbani akichunga mbuzi wa baba yake, akajiunga na chuo kikuu mjini Nairobi mwaka 1990, akahitimu shahada ya elimu ya jamii mwaka 1994. Wazee wa Kalamba walimuuliza mzee Mwau hiyo elimu ya jamii ni kitu gani, naye akawajibu kwamba ni kwenda nyumba kwa nyumba ukiwauliza watu wanawaza nini, wakatazamana, wakasema jamani, kumbe siku hizi hata umbea unasomewa Nairobi!

Kazi aliianza tarehe 2 Februari 1995 mjini Kitui, akiwa msaidizi wa utafiti katika shirika moja lililochunguza mambo ya maji na chakula vijijini, akaendelea na masomo huku akifanya kazi, akapata shahada ya uzamili mwaka 2004 na ya uzamifu mwaka 2012, na alikuwa mhadhiri katika chuo kimoja hapo Kitui mpaka ugonjwa ulipomtoa darasani. Katika safari hizo za vijijini ndipo alipokutana na kaka yangu, fundi wa pampu za visima, akamuuliza ni kina nani wanaochota maji kwa kile kisima alichokuwa akitengeneza, Kisilu akasema ni watu wote, naye Nthenya akatoa kalamu akamwambia, haya, nitajie mmoja. Kaka yangu alitaja wawili akakwama, na mwenyewe husema kwamba siku ile alijua amepatikana, wakafunga ndoa kanisani hapa Tawa tarehe 16 Desemba 1995, Mungu akawapa Katunge tarehe 3 Septemba 1997 na Nzioka tarehe 21 Februari 2001.

Hilo neno lake la nitajie mmoja tumelila sana katika nyumba hii. Ukimwambia watu wanasema, anakuuliza watu gani, na Katunge alipolia kwamba kila mtoto shuleni ana viatu vipya isipokuwa yeye, mama yake alimshika mkono wakaenda mpaka getini, wakasimama wakitazama miguu ikiingia, na mtoto akarudi darasani na viatu vyake vya zamani. Ilikuwa inachosha kuishi naye, siwafichi, hata mchungaji alikuwa akimwona ameketi kanisani anachunga mdomo.

Utafiti uliompa jina aliuanza mwaka 2010, baada ya kuchoka kusikia redioni, sokoni na hata kanisani kwamba watu wa huku huchagua mtu wa ukoo wao tu na hawatabadilika. Alizunguka Kalamba, Tawa na vijiji vya Kitui akiwa na makopo mawili ya mafuta ya kupikia, mfuko wa mbaazi na mfuko wa ndengu, akafunga leso mlangoni iwe pazia, na kila mtu akaingia peke yake na kutia mbaazi kama jibu lake ni ndiyo, ndengu kama ni la, kopo la kwanza likimuuliza kama yeye mwenyewe angempigia kura mtu mwema asiye wa ukoo wake, na la pili likimuuliza kama majirani zake wangekubali kufanya hivyo. Kopo la kwanza lilijaa mbaazi, la pili likajaa ndengu, ikawa hivyo kijiji baada ya kijiji, watoto wakamwita Daktari wa Ndengu, na sisi hapa nyumbani tukala muthokoi wa utafiti, mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na hizo mbaazi na ndengu, mpaka tukachoka.

Alifurahi kama mtu aliyechimba kisima akapata maji, akatueleza mezani kwamba kila mtu yuko tayari, ila kila mtu anadhani yuko tayari peke yake, na kwamba wakishaambiwa hivyo mambo yatabadilika. Akaenda kwa mwalimu Mbithi, huyu mnayemwona amevaa koti la kijivu, mtu anayeheshimika ila ukoo wake hapa ni nyumba chache, akamwonyesha matokeo, akamshawishi agombee uwakilishi wa wadi, na mwalimu akagombea katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, akaanguka vibaya sana. Nthenya alirudi kwa wale wale kuwauliza imekuwaje, nao wakamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba mwalimu walimpenda, lakini kwa vile wengine wangefuata ukoo, waliona ni bure kuharibu kura, na matokeo yake yaliposomwa redioni, waliopiga simu wote walisema daktari amenena ukweli mtupu, shida ni watu wetu. Jioni hiyo alivua viatu mlangoni, akamwambia Kisilu kwamba kuwajua watu amewajua, lakini la kuwafanyia halijui.

Septemba 2024 ugali ulianza kumkwama, kisha hata chapati iliyolowekwa kwa chai, na tarehe 18 Novemba 2024 madaktari walituambia kwamba kile kinyama walichokitoa na kukipima kinaonyesha saratani ya umio, yaani njia ya chakula, na kwamba imejulikana kwa kuchelewa. Alirudi kupumzika hapa Tawa, na tarehe 12 Januari 2025 Kasiva akafunga nyumba yake Kalamba akaja kumuuguza, akampikia uji wa wimbi, akauchuja kwa kitambaa, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamwogesha, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake.

Basi hapo ndipo maneno yalipoanza, kwamba tangu huyo dada afike koo linazidi kufunga, kwamba Kasiva amezika waume wawili na hana mtoto, kwamba mkono wake si mzuri. Koo lilikuwa linafunga miezi minne kabla Kasiva hajakanyaga boma hili, tarehe nimezisoma mbele yenu sasa hivi, na bado naona huko nyuma vichwa vinasogeleana. Tarehe 8 Machi Kisilu alimleta daktari hapa nyumbani, naye akaeleza ugonjwa kwa picha na kwa upole, wazee wakamsikiliza, wakampigia makofi, wakamshukuru, halafu mmoja wao akainuka akauliza kwa heshima zote, sawa daktari, tumeelewa ni saratani, lakini imetumwa na nani?

Nthenya alisikia yote akiwa kitandani, na kwa sauti iliyokuwa imebaki kidogo tu, akaanza kumuuliza kila mgeni aliyekuja kumwona kama yeye mwenyewe anaamini hayo, na kila mmoja akamwambia, mimi? hata kidogo, mama Katunge, lakini si unajua watu, naye akimwambia nitajie mmoja, mgeni anaanza kuzungumzia mvua. Mwanzoni alicheka mpaka akakohoa, akasema utafiti umemfuata kitandani, lakini kufikia Pasaka hakucheka tena, alilia, akamwambia mumewe kwamba kufa hakumtishi, kinachomtisha ni watakachomfanyia dada yake akishafumba macho. Aliomba jambo moja, kwamba siku ya mazishi Kasiva aketi kando ya jeneza, na udongo wa kwanza uwe wa mkono wake, ili kila mtu aone, na Kisilu alimwahidi, na sisi wote tuliokuwa chumbani tukamwahidi.

Alituacha Alhamisi tarehe 22 Mei 2025, saa nne asubuhi, katika hospitali moja mjini Kitui, Kasiva akiwa amemshika miguu, na nataka iandikwe katika historia yake kwamba uji wa kwanza aliokunywa duniani alilishwa na Kasiva, na wa mwisho pia.

Jumatatu tarehe 26 Mei Kasiva alisonga ugali wa waombolezaji katika jiko lile pale, hakuna aliyeugusa, ukapoa kwenye sinia mpaka kuku wakapanda mezani, na jioni hiyo mawe yakaanguka juu ya bati la jiko akiwa ndani. Kesho yake mama Sauda, jirani wa Nthenya wa miaka mingi mjini Kitui, alikuja akamchukua akampa chumba kwake. Jumatano kamati ya mazishi ilikaa kuamua kama aje leo, tukazunguka meza yote, kila mmoja akasema yeye binafsi hana shida na Kasiva, ila watu, kwa usalama wake ni heri abaki Kitui, na mimi Muindi nilisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mwalimu Mbithi peke yake aliuliza ni watu gani, tukainamia bajeti ya chakula, akangoja, mwisho naye akachukua kalamu akajumlisha nasi, na Kisilu akatoka nje akasimama kando ya tangi la maji akitupa mgongo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumficha kitu, wahadhiri na wanafunzi wake, majirani mliotuletea kuni, maji na viti, mama Sauda na familia yake, na zaidi ya wote inamshukuru Kasiva, dada yake, ambaye hayupo. Kile kiti cheupe cha plastiki kando ya jeneza Katunge alikiweka asubuhi, najua wengi mmesimama juani, lakini tunaomba msikikalie.

Nthenya, shemeji yangu, miaka yako yote uliuliza ni watu gani, ukatutaka tukutajie mmoja. Mimi ni Muindi, nitaje mimi. Tulikuahidi mkono wa dada yako, na udongo wa kwanza utatupwa na sisi, watu. Pumzika kwa amani.