Macho Mapya ya Mama Mkwe

Jioni ile nilikuwa kwenye basi, mwanangu mapajani, nyuma ya dereva teksi aliyeshika kipakiti cha rezista. Fundi cherehani aliyekaa naye alimuuliza ni vidude gani.

"Vya kupunguza mwanga, dada. Gari langu nimelitia taa za LED za buluu, kuanzia darini hadi chini ya viti. Leo nimemfuata mama mkwe hospitali, katolewa mtoto wa jicho. Kachungulia ndani, kasema haingii disko na macho mapya."

"Si uzizime?"

"Nimeziunga na ufunguo. Gari likiwaka, nazo zinawaka."

"Sasa mbona uko kwenye basi?"

"Kabaki hospitali na gari, kanituma dukani. Ufunguo kaukalia."

Mwanangu alicheka. Sijui alielewa nini, ila alicheka mahali pake.

Fundi akamshauri azifunike kwa kitambaa cheusi, yaishe. Dereva akasema umeme hautibiwi kwa sindano na uzi. Rezista ikikaa kwenye waya, mwanga unanywea wenyewe.

"Na usiponywea?"

"Utanywea tu," alisema, na sauti yake ndiyo iliyonywea.

Simu ikalia. "Shikamoo mama. Ndiyo, nimeshazipunguza, hata hazionekani." Kisha akasikiliza, akashusha simu taratibu. "Anasema ngoja awashe aone."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Fundi alikuwa ameshatoa kitambaa cheusi mkobani mwake na kuchana kipande kwa meno. Mwanangu alinyoosha kidole dirishani: kule uani, gari moja lilikuwa buluu tupu.