Niliiamkia Intaneti Shikamoo

Wa Bwana Asifiwe mpo? Wa Asalaam Aleikum mpo? Na mliofuata chai peke yake, nanyi mpo? Haya, tumetimia.

Ndugu zangu wanakisomo wapya, cheti changu cha kidato cha nne nimekitia fremu kubwa kuliko dirisha langu. Lakini nawaambia, mwaka juzi mimi ndiye niliyekuwa adui namba moja wa darasa hili la jioni.

Tulikuwa watu kumi na mmoja na kitabu kimoja cha biolojia. Kimoja! Kilizunguka kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, kama jogoo wa mbegu. Zamu yangu ilipofika nikakitia kwenye kikapu kimoja na dumu la mafuta ya alizeti niliyotoka kukamua. Kifuniko kikalegea. Kufika nyumbani Unyambwa, kitabu kimekunywa mafuta ya kukaangia kata nzima. Karatasi ziligeuka vioo: ukisoma figo, unauona na moyo wa ukurasa wa nyuma ukidunda!

Chekeni tu. Mtihani ulibaki wiki tano, na nikafanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza: nikanyamaza. Wakiniuliza nasema, "Bado nakisoma, kinanoga."

Sasa, kulikuwa na mama mwenzetu ambaye biolojia ilishamwangusha mara mbili, na bila biolojia chuo cha uuguzi hakimpokei. Akanisimamisha mlangoni pa darasa.

"Baba, zamu yangu ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi."

"Mama, mambo ya mmeng'enyo ni marefu."

"Mmeng'enyo gani wa siku nne? Umekila hicho kitabu?"

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Hapo moyo ukanichoma.

Nikasaka madukani mpaka Manyoni, nikampigia shemeji yangu wa Kiomboi. Hakuna. Ndipo nikakumbuka watu husema kila kitu kipo mtandaoni. Lakini sisi tumelelewa. Humwombi mtu kitu hujamsalimu. Nikaandika kwenye simu: "Shikamoo. Poleni na kazi. Huku Singida hatujambo, mvua tu ndiyo imekawia. Mimi ni mwanafunzi wa jioni, naomba, kama hamtajali, kitabu cha biolojia."

Ikaniletea maana ya neno shikamoo, utabiri wa mvua na dawa ya mdondo wa kuku. Nikasema labda sijaamkia vizuri. Siku tatu nikawa naongeza heshima!

Siku ya nne nikaenda kwa dada mmoja mwenye steshenari mjini, nikamuulize kama mashine yake inaweza kukausha kitabu. Akaiona simu yangu.

"Kaka, hii barua unamwandikia nani?"

"Intaneti."

"Na umeiamkia?"

"Sasa nitaanzaje kuomba?"

Alicheka mpaka akaingia chini ya meza. "Hii haina mjomba wala shangazi. Taja unachotaka, basi."

Akanifundisha. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, kama unavyofunga kuku miguu wasitawanyike mnadani. Ukitaka kitabu chenyewe, si porojo za kukihusu, ongeza filetype:pdf. Ukitaka kilichowekwa na serikali, chenye ruhusa, ongeza site:go.tz. Zile nukta mbili zishikane na maneno, usiache nafasi. Kinachokusumbua kipepete kwa alama ya kutoa. Mitihani ya zamani ilijaa tele, ikaruka kama makapi ya uwele. Mstari wenyewe huu, andikeni:

biology "form four" filetype:pdf site:go.tz -"past papers"

Nikabonyeza. Ndugu zangu! Kitabu kilekile, kimewekwa bure na wenyewe, hakina hata tone la mafuta! Nilipiga yowe, bodaboda wote wa stendi wakadhani nimegongwa. Na mazoea ni mazoea, nikaandika tena palepale, "Ahsanteni, Mungu awabariki."

Jioni ile nikasimama mbele ya darasa, kitabu cha mafuta mkono huu, simu mkono huu, nikakiri yote. Yule mama akakinusa kitabu. "Kumbe tungekikaanga," akasema. Kisha akatoa simu yake. "Nirushie."

Kuanzia siku hiyo kila mmoja akawa na kitabu chake, zamu zikafa. Yule mama alifaulu! Leo anavaa sare chuoni. Nami nilipata C, ambayo naihesabu ni A iliyochoka njiani.

Namshukuru Mungu, na yule mama kwa kunisamehe. Ukiharibu cha watu, sema siku hiyohiyo. Mimi ukimya wangu uliwacheleweshea wenzangu wiki nzima ya kusoma. Na mashine msiiamkie. Salamu wawekeeni watu.

Yule dada wa steshenari amekaa pale nyuma. Nimemzidi miaka tisa, na mila zetu hazitaki nimwamkie. Leo zinisamehe. Dada yangu, simama.

Shikamoo.

Nyamazeni kidogo, jamani. Mwacheni aitikie.