Mama Elizabeth Ndaki Mboje, Aliyempisha Mgonjwa Mwenzake

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Nkoma na wageni mliotoka mbali, kwa niaba ya ukoo wa Maganga nasimama mimi Raymond, mtoto wa pili wa marehemu, kuwasomea maisha ya mama yetu.

Mama alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 kijijini Migato, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Mboje, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha akabaki nyumbani akilima pamba na kuchunga ng'ombe wa baba yake.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Shija Maganga, wakahamia hapa Nkoma, wakajaliwa watoto wanne, na baba alipofariki mwaka 2009 mama alishika plau mwenyewe, akatusomesha, na wanaume walikuwa wakisimama njiani kumtazama anavyoswaga maksai.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka 2021, akawa anahudhuria kliniki Bariadi, hadi tarehe 14 Machi 2024 pumzi zilipombana, dada yetu Anyes akamkimbiza hospitali ya serikali, wakafika asubuhi na kukuta majeruhi wa ajali ya basi wamejaa chumba cha dharura hadi sakafuni, na daktari wa zamu ni mmoja, Daktari Gabriel, ambaye tangu jana yake hakupata wa kumpokea.

Walikaa kwenye benchi hadi alasiri jina la mama lilipoitwa, na hapo hapo akaingizwa mwanamke mjamzito anayetoka damu, ameletwa kwa bodaboda, na kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja. Anyes alikwishamshika mama mkono kumwinua, mama akarudi kukaa, akamwambia muuguzi, "Mwanangu, mimi bado naongea, huyu haongei tena. Anzeni na yeye."

Anyes alimsihi kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, mama akatikisa kichwa tu, akaendelea kuvuta pumzi kwa shida huku akiuliza kama yule mwanamke amepona. Jua lilipokaribia kuzama Daktari Gabriel alitoka, akapiga magoti mbele ya benchi, akampima pale pale, na watu waliokuwa wakilalamikia foleni wakasogea kumpa nafasi.

Mama alilazwa, akapata nafuu, akarudi kuvuna pamba yake, lakini Februari hii hali ilibadilika, na tarehe 9 Februari 2025, saa sita mchana, alifariki katika hospitali ile ile. Anyes alimuuliza daktari kama kusubiri kule ndiko kulikomaliza moyo wa mama, akajibu kwamba hajui, nasi hatujui.

Tangu Jumatatu kuna mwanamke anatupikia hapa msibani, mtoto mgongoni, tukidhani ni mkwe wa jirani, hadi jana alipotuambia kwamba yeye ni Harieth, kwamba ndiye aliyeingia kwenye kitanda kile, na mtoto huyo ndiye aliyezaliwa siku hiyo.

Familia inamshukuru Daktari Gabriel na wauguzi wanaobeba mzigo wa watu wengi, majirani, wanakwaya wenzake mama, na wewe Harieth.

Mama, tumeyaona uliyoyafanya. Upumzike kwa amani ya Mungu.